Beji Mbili za Chumba cha Kumi na Nne

"Karibu. Karibu sana. Pole na safari."

Saa nne ya asubuhi ilikuwa haijatimia, na Bi Kimya alikuwa ameshayasema maneno hayo mara tisini na tatu. Idadi aliijua kwa sababu alikuwa mtu wa kuhesabu. Mkutubi asipohesabu atafanya nini? Majibu aliyopata yalikuwa ya aina mbili tu: "Asante," na "Choo kiko wapi?"

Mwaka huo mkutano wa kitaifa wa wakutubi ulikuwa umeuangukia mji wao, na maktaba yao ndogo ndiyo iliyotwishwa kazi ya kupokea wajumbe. Wakafunga milango, wakabandika tangazo, wakahamia wote kwenye chuo cha ualimu, ambako ukumbi ulikuwa chini na mabweni juu, na wanachuo walikuwa likizo. Beji walizipanga ndani ya droo za mbao za kabati la kadi, lile la zamani ambalo hakuna aliyekuwa na moyo wa kulitupa. Na hapo ndipo walipojitafutia balaa.

"Dada, hizi mmezipanga kwa jina la kwanza au la ukoo?"

"La ukoo, kaka. Karibu sana."

"Mbona huyu amemtangulia huyu?"

Akazibadilisha mwenyewe, akaondoka ameridhika. Aliyemfuata akazitazama, akaguna, akazirudisha zilivyokuwa.

"Watu mia tatu na kumi na wawili," Mama Mhuri alinong'ona, "na kila mmoja anadhani alfabeti ni yeye peke yake aliyefundishwa."

Mama Mhuri alikaa upande wake wa kulia, akigawa mikoba yenye daftari, kalamu na ratiba. Huyu ndiye mama wa kaunta ya kuazimisha, na alikuwa amegonga mihuri ya tarehe kwa miaka ishirini na mitatu, hata watu wakadai mkono wake wa kulia umemzidi wa kushoto. Alijua nani ameazima kitabu gani, na kwa bei hiyohiyo alijua nani ameazima mume wa nani. Siku yoyote isiyo na habari ilimuumiza kichwa.

Leo habari ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya droo ya tatu.

"Bado hajaja?" aliuliza.

"Nani?"

"Nani! Hebu nipishe mimi. Tangu asubuhi mkono wako hauondoki kwenye hiyo droo, kama mtu aliyefungia nyoka."

Bi Kimya aliuondoa mkono, kisha akaurudisha. Jina hilo alipewa na wasomaji, kwa yale maneno yake ya kila siku, "kimya, tafadhali," na lilimkaa kama gauni lililoshonwa kwa vipimo vyake. Nyumbani sasa hakuwa na haja ya kuyasema. Mama yao alipofariki alimwachia wadogo wanne, naye akawalea, akawasomesha, akawapigia pasi mashati, na mmoja mmoja wakaondoka: huyu kazini, huyu kwa mumewe, na kitindamimba mwaka jana akafunga begi lake na kumwambia, "Dada, sasa na wewe pumzika." Basi alikuwa akipumzika. Kabatini mlikuwa na vikombe vitano, na kikombe kilicholowa kilikuwa kimoja. Jioni alipika kwa sufuria lilelile kubwa, kwa mazoea, kisha akala chakula hichohicho siku tatu.

Ndani ya droo ya tatu zililala beji mbili zilizofungwa pamoja kwa mpira. Ya kwanza ilikuwa ya Fundi Jalada.

Hivyo ndivyo alivyomjua, na hata leo, akiwa mkuu wa tawi kwenye mji wa mbali, ofisi nzima bado ilimwita hivyo. Miaka saba iliyopita alikuwa fundi wa kukarabati vitabu katika maktaba yao, kijana mrefu mwenye harufu ya gundi, aliyekuwa akikishika kitabu kilichochanika kama daktari anavyoshika mkono wa mtoto. Beji ya pili haikuwa na jina. Fomu ilisema tu: watu wawili, chumba kimoja. Bi Kimya mwenyewe ndiye aliyeiandika, kwa mwandiko wake mzuri: MWENZI WA MJUMBE. Kisha akawapangia chumba cha kumi na nne, kilichokuwa na dirisha linaloangalia bustani.

"Wawili, chumba kimoja," Mama Mhuri alikuwa amesema siku ile fomu ilipofika. "Ameoa huyo. Jikaze, mdogo wangu."

Akajikaza. Lakini alikuwa amejiapiza jambo moja, na jambo hilo ndilo lililomfanya avae gauni la bluu na kuamka kabla ya jogoo: awe ameoa, awe na watoto tisa, kabla mkutano haujakwisha lazima Fundi ajue kwamba yeye alikuja. Alikuja, na alikuwa na jibu mkononi. Mengine Mungu atajua.

*

Mambo yalikuwa hivi.

Maktaba ina desturi yake. Msomaji akitaka kitabu, kinatengwa: kinatiwa kikaratasi cha manjano chenye jina lake, kinawekwa kwenye rafu nyuma ya kaunta, na kinamngoja siku tatu. Asipotokea, kinarudishwa rafuni kwa wenzake. Alhamisi moja jioni Fundi alimwita Bi Kimya kwenye chumba cha ukarabati, akamkabidhi kikaratasi cha manjano. Palipoandikwa "Jina la kitabu" alikuwa ameandika: *Mimi*. Palipoandikwa "Kimetengwa kwa ajili ya" alikuwa ameandika jina lake Bi Kimya.

"Siku tatu," alisema, akicheka, lakini hakuthubutu kumtazama usoni. "Utanikuta nyumbani. Usipokuja, nirudishwe rafuni."

"Na mama yako?"

"Mama yangu ataoa yeye au nitaoa mimi?"

Mama yake alikuwa ameshasema neno lake, na mji mzima ulikuwa umelisikia. Binti amemzidi mwanangu miaka minne. Tena anakuja na wadogo wanne. Huyo si mke, huyo ni shule ya bweni. Maneno hayo yalimfikia Bi Kimya kupitia watu watatu, na kila mmoja alikuwa ameyaongezea chumvi.

Ijumaa na Jumamosi maktaba ilifungwa kwa ajili ya kuhesabu vitabu, kazi isiyowahusu mafundi, na Jumapili ilikuwa Jumapili. Siku mbili Bi Kimya alikuwa ndani ya milango iliyofungwa, juu ya ngazi, akihesabu. Jumapili aliwaweka wadogo zake kitako, akawaambia, wakalia, wakacheka, wakamruhusu. Jumatatu saa mbili kasoro alikwenda kazini na jibu limemjaa kifuani kama pumzi. Akakuta meza ya Fundi tupu. Gundi, sindano, uzi, vyote havipo. Alikuwa ameondoka alfajiri na gari la vitabu, kwenda tawi la mbali alikokuwa ameitwa muda mrefu na akawa anakataa.

Mama yake ameshinda, Bi Kimya aliwaza. Akafungua kaunta. Msomaji wa kwanza alikuja kuuliza habari za magazeti.

*

Saa saba walikuwa wamebaki wajumbe arobaini. Saa tisa, kumi na watatu. Mwenyekiti wa mkutano alikuwa akihutubia ukumbini, na kila mlango ulipofunguka sauti yake ilitoka kidogo, ikafungiwa tena.

"Mia mbili tisini na tisa," alihesabu Bi Kimya. "Mia tatu."

"Na wewe nani amekukaribisha?" Mama Mhuri aliuliza ghafla, akitafuna.

"Mimi ni mwenyeji."

"Hata mwenyeji huambiwa karibu akifika kwake, mama."

Bi Kimya akainama kupanga kalamu ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Saa kumi na moja kasoro robo mlango mkubwa ulisukumwa kwa bega. Akaingia mtu mrefu, begi mkono mmoja, na mkono wa pili umeshikilia kiwiko cha mwenzake. Alitembea polepole mno, hatua ya mtu anayefuata hatua ya mwingine. Nywele za kando zilikuwa zimeanza kuingia mvi. Bi Kimya alimtambua kwa mikono kabla hajaufikia uso.

Kisha akamtazama mwenzi wa mjumbe.

Alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, ana fimbo, amejifunga kitambaa kichwani, anakemea sakafu kwa utelezi wake.

"Mungu wangu," Mama Mhuri alisema kwa pumzi. "Ni mama mtu!" Na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane, akasimama, akasema anakwenda kuangalia chai, akaondoka kwenye habari kwa miguu yake mwenyewe. Lakini hakwenda mbali. Alisimama nyuma ya nguzo.

Fundi akafika mezani. Akaweka begi chini. Walitazamana, na wote wawili wakakosa mahali pa kuyaweka macho.

"Karibu," alisema Bi Kimya. Sauti ilitoka ndogo. "Karibu sana. Pole na safari."

"Asante. Hujambo, Bi Kimya."

"Sijambo. Shikamoo, mama."

"Marahaba," bibi alijibu, akiwa ameshaanza kukitafuta kiti. Alipoketi akanyanyua uso, akamkazia macho kwa muda mrefu. "Ndiye huyu?"

"Mama."

"Nimeuliza tu. Ndiye?"

"Ndiye, mama."

"Basi jiandikisheni. Mimi napumzisha miguu." Akageuzia uso dirishani, ila masikio aliyaacha palepale.

Bi Kimya akafungua droo ya tatu, akatoa zile beji mbili. Mpira ulimkatalia vidoleni. Fundi akanyoosha mkono, akaufungua yeye, taratibu, kama alivyokuwa akifungua mshono uliokwama. Akaisoma beji ya pili, akatabasamu kwa huzuni.

"Mwenzi wa mjumbe. Hapo umemkweza. Nyumbani ananiita mpangaji." Akashusha sauti. "Siwezi kumwacha peke yake siku hizi. Miguu. Na hatuna mtu mwingine."

"Hukuoa?"

Swali lilitoka kabla hajalifungia mlango. Akatamani meza immeze.

"Nilitafutiwa wachumba, wakaletwa," alisema. "Wakanywa chai, wakarudi kwao. Wewe?"

"Mimi niko. Wadogo wameondoka wote."

"Hata yule aliyekuwa akija na daftari la hesabu?"

"Ana ofisi yake sasa. Amevaa tai."

Walicheka kidogo, kisha kicheko kikawaishia midomoni. Ukumbini watu walipiga makofi. Fundi akaweka sahihi kwenye daftari la wajumbe, akabaki ameishika kalamu.

"Naomba nikuulize, halafu sitakuuliza tena mpaka nizikwe," alisema. "Kwa nini hukuja?"

Miaka saba alikuwa ameyapanga maneno ya jibu hilo, kwa alfabeti, kwa namba, kwa kila namna. Yote yakaanguka.

"Nilikuja."

"Hukuja. Nilikaa kibarazani siku tatu. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Mbwa wa jirani alinizoea."

"Nilikuja Jumatatu asubuhi. Nikakuta meza tupu."

"Jumatatu ilikuwa siku ya nne!"

"Ilikuwa ya kwanza, Fundi."

"Ya kwanza vipi?"

"Tulikuwa tumefunga." Sasa alisema harakaharaka, machozi yasimpate. "Maktaba ikiwa imefungwa, siku hazihesabiwi. Kitabu kilichotengwa, faini, kila kitu. Ndiyo kanuni. Wewe mwenyewe ulinifundisha juma langu la kwanza kazini, ukanichekea kwa sababu nilimtoza mzee mmoja faini ya sikukuu. Ulinipa kikaratasi cha maktaba, nikahesabu kwa hesabu ya maktaba. Ijumaa tumefunga, Jumamosi tumefunga, Jumapili tumefunga. Jumatatu ya kwanza. Nilikuwa nimewahi. Nilikuwa nimewahi siku mbili."

Kalamu ilimdondoka Fundi, ikabingirika mpaka ukingoni mwa meza, hakuna aliyeikimbilia.

"Barua ya uhamisho ilitaka jibu Jumatatu," alisema mwishowe. "Nikasema kama hakuja, basi... Kumbe mimi nilikuwa nahesabu kama mtu anayengoja. Sikuhesabu kama mkutubi."

"Na mimi nilihesabu kama mkutubi."

"Ungekuja tu nyumbani, hata Ijumaa usiku. Mlango ulikuwa wazi."

"Kwa mama yako?"

Dirishani, bibi alikohoa.

"Mlango ulikuwa wazi kwa sababu mwanangu aliufungua," alisema bila kugeuka. "Kila akiufungua, mimi nikawa naomba moyoni: asije, asije. Na hukuja. Jumapili jioni aliingia ndani akaniambia, 'Mama, hakuja,' mimi nikashukuru Mungu, nikalala usingizi mzuri. Usingizi wa mwisho huo." Akagonga fimbo sakafuni, mara moja, kwa upole. "Dua nyingine mtu akijibiwa, ndiyo adhabu yake. Tunakula sisi wawili. Mbele ya sahani anasema 'karibu mama,' nasema 'asante mwanangu,' basi. Mpaka kesho yake."

Fundi akaegemea meza. Sauti yake ilikuwa karibu haisikiki.

"Na jibu? Lilikuwa jibu gani?"

Bi Kimya akafungua mdomo.

"Samahani sana!" Mjumbe mmoja mfupi aliyevaa miwani alikuwa ameingilia katikati, mkoba wake umefunguka. "Mimi mkoba wangu hauna ratiba, na tena nimeona droo ya pili kuna majina yamepishana..."

Bi Kimya alipomaliza kumpa ratiba, kumshukuru kwa alfabeti yake na kumwonyesha choo, bibi alikuwa ameshasimama, anayumba, na Fundi amemdaka.

"Nampandisha mama," alisema. "Miguu imechoka." Akachukua ufunguo wa kumi na nne. Alimtazama mara moja, jicho la mtu anayeogopa kungoja tena, na hakusema kwamba atarudi. Wakapanda ngazi, mguu mmoja, fimbo, mguu wa pili.

*

Saa kumi na moja ikagonga. Mama Mhuri akatoka nyuma ya nguzo, macho yamemvimba.

"Mafua," alisema. "Nguzo ile ina vumbi."

Wakafunga droo. Wakahesabu mikoba iliyobaki. Wahudumu walikuwa wakipanga viti, vikigongana, na kila kiti kilipoondolewa ukumbi ukazidi kuwa mkubwa. Bi Kimya alibaki ameketi.

"Twende," Mama Mhuri alisema.

"Tangulia."

"Unafanya nini hapo?"

"Nangoja. Labda atashuka."

"Na asiposhuka?"

"Mkutano ni siku tatu."

Mama Mhuri akaweka mikono kiunoni. Akamtazama kama anavyowatazama wanaorudisha vitabu vilivyolowa.

"Haya, anza kuhesabu," alisema. "Leo ni kazi au si kazi? Maktaba yetu imefungwa, tangazo nimelibandika mwenyewe. Hesabu vizuri, mdogo wangu, usije ukakosea." Akatupa mkoba begani, akaondoka, visigino vikilia mpaka nje.

Bi Kimya akabaki na meza. Miaka yote hiyo alikuwa amekaa nyuma ya meza kama hii, akingoja watu waje, naye akawapa walichokuja kukitaka. Aliijua kazi hiyo vizuri. Akawaza jioni itakavyokuwa: sufuria, kikombe kimoja, redio ya jirani kupitia ukutani. Akawaza kibaraza ambacho hakukiona, na kijana aliyezoewa na mbwa.

Akageuza kibao cha mezani. Upande wa pili kiliandikwa: TUMEFUNGA. Akasimama.

Ngazi zilikuwa ishirini na mbili. Alizihesabu zote, halafu akaudhika kwamba amezihesabu. Korido ilikuwa ndefu, ina harufu ya sabuni, na nyuma ya milango wakutubi walikuwa wanacheka, wanapigiana simu na watoto, wanaulizana nani ana pasi. Kumi. Kumi na mbili. Mbele ya kumi na nne akasimama. Ndani sauti ya yule bibi ilikuwa ikisema jambo, kisha ikanyamaza. Mlango mwingine, nyumba nyingine, lakini mama alikuwa yuleyule. Mlango huu ndio aliouogopa kwa miaka saba.

"Hodi."

Haikusikika. Hata yeye mwenyewe hakuisikia. Akajaribu tena, kwa sauti ambayo wasomaji wake wasingeamini kwamba ni yake.

"Hodi!"

Ndani kitu kilianguka. Miguu mirefu ilianza kuja, ikasimamishwa na mlio wa fimbo.

"Kaa," ilisema sauti ya bibi. "Huyu namfungulia mimi."

Fimbo ikaja. Ilichukua muda wake, haikumhurumia mtu. Kufuli likageuka. Bibi alisimama mlangoni, mdogo kuliko alivyokuwa chini, kitambaa amekivua, mvi zote nje. Nyuma yake, kando ya dirisha, Fundi alikuwa wima, mikono haijui pa kwenda.

"Nimeleta jibu, mama," alisema Bi Kimya. "Lilichelewa njiani."

Bibi akamtazama juu mpaka chini, na chini mpaka juu. Akarudi nyuma hatua moja, akaupisha mlango wote.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Karibu sana. Pole na safari."